Mashine imejaa maji baada ya kufua mablanketi: kabla hujanunua pampu soma hapa

Swali, kutoka kwa dada wa Njombe mjini: "Shikamoo fundi. Nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7, tumehama nayo kutoka Iringa kuja Njombe mwezi wa tano. Huku ilifanya kazi vizuri tu, juzi nikaweka mablanketi mawili ya watoto, ikafua, ila ikifika kutoa maji inanguruma kidogo, inanyamaza, inanguruma tena, mwisho inasimama inaandika OE. Maji yamefika nusu ya kioo cha mlango na mlango haufunguki. Mpira wa maji machafu tumeupitisha dirishani unamwaga nje, maana pale ilipo hakuna tundu la karibu, na ulikuwa mfupi tukauunga. Fundi wa huku alikuja akasikiliza akasema pampu imekufa, nimeshampa elfu 40 ya kutanguliza aagize Dar. Ni kweli pampu? Na mablanketi yangu nayatoaje, yameanza kunuka."

Marahaba dada, kamwene, na pole na baridi ya huko. Mimi niko Mbeya, hizi kazi nazifanyia Mwanjelwa na majumbani kwa watu, na swali lako nimelipenda kwa sababu umeeleza vitu ambavyo watu wengi hawaelezi, mtu anakuandikia tu "mashine haitoi maji nifanyeje" basi. Wewe umesema sauti, umesema mablanketi, umesema dirisha, na umesema mpira umeungwa. Humo humo kwenye maelezo yako kuna majibu matatu na hakuna hata moja linaloanza na pampu kufa.

Tuanze na sauti. Pampu ikifa kabisa, yani koili yake, zile waya zilizoviringishwa ndani, imeungua au imekatika, haingurumi. Inakaa kimya, unasikia tu mashine inabofya tik halafu hakuna kitu. Yako inanguruma, maana yake umeme unafika na koili ipo hai, inajaribu kuzunguka ila inashindwa, au inazunguka ila maji hayapandi. Sasa fundi aliyesimama pembeni akasikiliza bila kufungua hata kile kimlango cha chini akasema imekufa, mi naona kawahi. Simsemi vibaya, inawezekana mwisho wa siku kweli ikawa pampu, kuna pampu zinanguruma na ni mbovu na nitakwambia unazijuaje, lakini huwezi kujua hilo kwa sikio tu.

Hiyo OE ni alama ya LG, inakwambia maji yameshindwa kutoka kwa muda uliopangwa. Wenye Samsung wanaona 5E au SE, na mpya zaidi 5C, wenye Bosch wanaona E18. Alama haikwambii kitu gani kimeharibika, inakwambia tu maji bado yapo ndani. Watu wanasoma OE wanakimbilia dukani kuulizia "pampu ya OE", hakuna kitu kama hicho.

Kitu cha kwanza kufanya, na ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, hakitaki hata bisibisi. Zima mashine, zima ukutani, chomoa plagi kabisa. Nenda nje kwenye ule mpira uliopita dirishani, urudishe ndani taratibu huku umeinua mdomo wake juu, kama mnaweza muuchomoe pale mlipounga mbaki na mpira wa mashine wenyewe. Halafu weka beseni sakafuni na ushushe mdomo wa mpira mpaka ndani ya beseni, chini kabisa. Angalia kinachotokea.

Maji yakija kwa nguvu, yanajaza beseni mpaka inabidi uuinue mpira haraka ukamwage, basi njia ya maji iko wazi toka kwenye dramu mpaka mdomoni, na ugomvi wako ni urefu wa dirisha au ule muungo au pampu kukosa nguvu. Yakija kidogo kidogo, yanadondoka kama bomba lisilofungwa vizuri, au yasije kabisa, njia imeziba na mahali pa kwanza pa kuziba ni filta. Ndo hivyo tu, hapo umeshagawanya tatizo mara mbili bila kulipa mtu. Mimi kwako natabiri yatakuja kidogo kidogo kwa sababu ya mablanketi, ila usinisikilize mimi, sikiliza beseni.

Uzuri wa pili wa hicho kipimo ni kwamba kama maji yanatoka umeshapata njia ya kuokoa mablanketi. Mashine ya kilo 7 ikikwama namna hiyo inaweza kuwa na lita 10 na zaidi, mabeseni kadhaa, andaa na dekio. Maji yakishaisha subiri dakika chache plagi ikiwa imechomolewa, kitasa cha mlango kinaachia chenyewe, unasikia kama kinabofya. Kisipoachia rudisha umeme, washa mashine bila kuanzisha programu, kisha zima, mara nyingi hapo kinakubali. Usiuvute mlango kwa nguvu, kitasa ni plastiki na kukibadilisha ni hela nyingine. Na tafadhali msije mkailaza mashine ubavu au kuiinamisha mbele ili maji yamwagike, naona watu wanafanya hivyo, wanaume wawili wanaibeba kama jeneza, maji yanaingia kwenye mota na kwenye bodi, ile sakiti inayoendesha mashine, na hapo ndo mnatoka kwenye tatizo la bure mnaingia kwenye tatizo la laki kadhaa.

Tuje kwenye filta. Iko mbele chini, mara nyingi upande wa kulia, nyuma ya kimlango kidogo cha mraba unachokifungua kwa kucha au sarafu. Ndani unaona kitu cha duara cha kufungua kwa mkono na pembeni yake kwenye mashine nyingi kuna kampira kembamba kenye kizibo. Tatizo la hapo ni kwamba pako chini sana, beseni halipiti na sufuria ndo kabisa. Mimi nachukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, nalikata ubavu mmoja wote kwa kisu, linakuwa kama trei ndefu ya chini, linapita vizuri na lina mkono wa kushikia. Vuta kale kampira, kalaze kwenye dumu, chomoa kizibo, yakijaa rudisha kizibo ukamwage. Kama mashine haina kale kampira unalegeza filta kuelekea kushoto nusu mzunguko tu, maji yanatiririka, ukiona dumu linakaribia kujaa unakaza tena. Ukiifungua yote kwa pamoja na maji yapo utafua na sebule. Kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto wacha yapoe kwanza, maji ya digrii 60 hayana utani.

Filta ikitoka, utakachokiona hapo kitakushangaza. Blanketi la watoto lile la manyoya likifuliwa linaachia nyuzi, zinajiviringisha na mabaki ya sabuni zinakuwa kitu cha kijivu kizito kinanata, ukikikamua kinatoa maji meusi. Ndani ya hicho utakuta vishikizo, pini za nywele, njiti za meno, mbegu za parachichi sijawahi kukuta maana hazipiti lakini punje za mahindi nakuta sana, na hela za sarafu, hasa nyumba yenye baba asiyekagua mifuko. Kuna waya wa sidiria pia, ule unapenya kwenye matundu ya dramu na ndo adui mkubwa kuliko wote, ukiuona ushukuru umekuta kwenye filta na sio umechoma raba ya mlangoni.

Safisha filta kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu, halafu usiirudishe bado. Hapa ndo wengi wanakosea, wanasafisha filta wanarudisha wanasema nimeshasafisha bado haitoi. Filta ni mlango tu, chumba kiko ndani. Chukua tochi ya simu, inama mpaka shavu liguse sakafu, angalia ndani ya lile tundu. Mwisho wake utaona kifeni kidogo cha plastiki chenye mapanga machache, hicho ndo pampu yenyewe, ndo kinachosukuma maji. Ingiza kidole au kijiti cha mshikaki ambacho sio kikali ukizungushe, plagi ikiwa nje, narudia, plagi ikiwa nje.

Kifeni kizima kinazunguka kwa kukwamakwama, kinakwenda kidogo kinashika, kinakwenda kinashika. Usiogope, hiyo ni sumaku ya ndani na ndo inavyotakiwa, nimeshaona watu wanatupa pampu nzima kwa sababu "inakwama". Pampu nyingi za aina hii pia hazina upande maalum wa kuzunguka, inaweza kuanza kulia leo kesho ikaanza kushoto, usije ukaambiwa hilo ni kosa. Sasa kifeni kikigoma kabisa, hakisogei, chungulia kwenye shingo yake, pale kinapoingilia ndani, utakuta nyuzi za blanketi au nywele zimejizungusha zikakaza. Kwako hapo ndo naweka hela yangu. Zivute kwa kibanio cha nyusi au plaizi nyembamba, taratibu, uzi mmoja mmoja, usikate kwa kisu ukaacha vipande ndani. Kikizunguka bure kabisa, bila kushika popote, kinateleza tu, basi kimekatika au kimeachana na sumaku, na hapo fundi wako atakuwa yuko sahihi kwa bahati, pampu hiyo itanguruma siku nzima na haitoi tone. Na kikicheza juu chini, ukikitikisa kinayumba, kimeshalika, kinaweza kuendelea miezi kadhaa kwa kelele lakini anza kujipanga.

Gusa pia kwenye kona za hicho chumba kwa kidole, sarafu inapenda kulala bapa pale chini, huioni kwa tochi kwa sababu imefunikwa na uchafu, na ndo ile sauti ya kra kra kra unayoisikia inakuja na kupotea.

Ukimaliza rudisha filta, kabla ya kuifunga pangusa ule mpira wake wa duara na pale unapokaa, chembe moja ya mchanga inatosha kuvujisha. Kaza mpaka ishike vizuri ila kwa mkono, sio kwa plaizi. Mimina maji kama lita mbili tatu ndani ya dramu kwa jagi, funga mlango, chagua programu ya kukamua peke yake, ukiwa umeacha ule mpira wa maji machafu umefungwa kwenye kiti au ndoo kubwa ndani ya chumba, kimo cha kama kiunoni, usiurudishe dirishani bado. Simama pale usikie. Yakitoka yakaruka kwa nguvu, pampu yako ni nzima kabisa na unampigia fundi simu leo leo.

Halafu ndo tuongee kuhusu dirisha lako, maana hata filta ikiwa safi hilo litakurudisha hapa hapa.

Pampu ya mashine ya kufulia ni ndogo, nyingi ni za wati 30 hivi, balbu ya zamani ilikuwa inakula zaidi. Haijatengenezwa kupandisha maji ghorofani. Vitabu vya mashine nyingi za mlango wa mbele vinataka mdomo wa mpira uwe kwenye sentimita 60 mpaka 100 kutoka sakafuni. Chukua futi upime, dirisha la nyumba zetu nyingi kizingiti chake kiko mita moja au zaidi, bila kuhesabu mpira unavyopinda juu ya fremu. Utaniuliza mbona ilifanya kazi toka mwezi wa tano? Kwa sababu pampu ikiwa safi inaweza kuhangaika ikapandisha hata mita moja na kidogo, ikapata taabu lakini ikafika. Siku filta ilipoanza kujaa nyuzi nguvu ikapungua, na dirisha likawa refu kwake. Tatizo dogo moja mashine inalivumilia, yakikutana mawili ndo inaandika OE.

Na la tatu ni huo muungo. Hujasema mmeunga na nini ila nafahamu, mpira wa bustani wa nusu inchi, umechomekwa ndani ya ule wa mashine halafu umefungwa na tyubu ya baiskeli. Nimekosea? Mpira wa mashine ni mpana, ukiubana kwenye nusu inchi pale pale umetengeneza koo jembamba na nyuzi za blanketi zikifika hapo zinakaa, kesho nyingine zinakaa juu yake. Fungua huo muungo uangalie ndani kabla hujalaumu kitu kingine. Ukihitaji kurefusha tafuta mpira wa mashine wa upana ule ule na kiungio chake cha plastiki na vibanio vya chuma, na usirefushe mita nyingi, kila mita unayoongeza pampu inailipia.

Tena kwa Njombe kuna jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kukwambia. Huo mpira unaotoka nje ukining'inia na kufanya tumbo katikati, maji yanabaki kwenye hilo tumbo. Mwezi wa sita na wa saba huko kwenu, na Makete, na upande wa Mufindi, kuna asubuhi mnaamka nyasi nyeupe kwa sitalaiti, yani umande ulioganda, mpira mwembamba uliolala nje usiku kucha na maji ndani yake unaweza kuganda. Ukiwasha mashine saa 12 asubuhi ufue uwahi kazini, pampu inasukuma barafu. Ukisubiri saa tano jua limechomoza inatoa maji vizuri tu na unadhani ina mapepo. Kwa hiyo mpira wa nje uushushe wote ukielekea chini bila tumbo, usibaki na maji, au uutoe kabisa ukimaliza kufua.

Suluhisho la kudumu kwako, ukiniuliza, ni kutoboa ukuta chini ya dirisha, kimo cha kama sentimita 70, tundu la kupitisha bomba la plastiki la inchi moja na nusu, linatoka nje linaingia kwenye chemba au karo. Mpira wa mashine unauchomeka kwenye hilo bomba kama kiganja kimoja hivi tu, usiuzamishe wote na usiuzibe pembeni kwa mfuko wa nailoni, lazima pabaki nafasi ya hewa kuingia, vinginevyo maji yanaweza kujivuta yenyewe yanatoka mashine ikiwa bado inafua, inajaza inatoka, inajaza inatoka, mita ya maji inazunguka mchana kutwa. Kama ni nyumba ya kupanga muombe mwenye nyumba kwa upole, tundu lenyewe ni dogo na plasta inarudi. Akikataa basi mpira mwagia kwenye ndoo kubwa iliyowekwa juu ya stuli, ni usumbufu wa kumwaga lakini mashine haitakufa.

Baridi inaingia sehemu nyingine pia, kwenye sabuni. Maji ya bomba huko asubuhi ni ya kukata vidole, sabuni ya unga haiyeyuki vizuri, hasa ukitumia ile ya kufulia kwa mikono yenye povu jingi. Isiyoyeyuka inaenda kukaa kwenye filta na nyuzi, iliyoyeyuka inafanya povu, na pampu ikikutana na povu badala ya maji ni kama baiskeli iliyokatika cheni, pedali zinazunguka ila huendi. Ukiona kioo kimejaa povu jeupe mpaka juu na mashine haitoi maji, zima, iache nusu saa povu litulie, kisha chagua kukamua tena. Tumia sabuni ya mashine, au kama ni ile ya kawaida weka kidogo kuliko roho yako inavyotaka, na mablanketi fua kwa digrii 40 badala ya maji baridi kama lebo yake inaruhusu.

Umeme nao. Jioni watu wote wakiwasha majiko na pasi, umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, pampu inanguruma bila kuanza kuzunguka. Kama mashine yako inasumbua saa mbili usiku na saa nne asubuhi iko sawa, mtu mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, apime soketi muda ule wa usumbufu kabla hujafungua chochote.

Sasa tuseme umefanya yote, filta safi, kifeni kinazunguka kwa kushika, mpira uko chini, na bado hakuna maji yanayotoka. Hapo ndo fundi anaanza kazi yake, na kazi yenyewe ni ya multimita sio ya sikio. Plagi nje, anachomoa soketi ya waya kwenye pampu, anapima koili. Pampu ya kawaida ya volti 220 mpaka 240 yenye waya mbili inatoa omu mia na kitu mpaka mia mbili na kitu. Ikionyesha njia imekatika, pampu imekufa kweli, hakuna ubishi. Ikionyesha koili nzima, anatakiwa apime kama umeme unafika pale mashine inapoagiza kutoa maji, na hiki cha mwisho ni cha fundi, wewe usikiguse, maji na umeme viko pamoja hapo. Umeme usipofika, tatizo ni waya au bodi, na kabla ya kutamka neno bodi achungulie chini ya mashine kama panya wamekula waya. Nacheka lakini sio utani, mashine nyingi za mlango wa mbele ziko wazi kwa chini, msimu wa mavuno magunia ya mahindi yamejaa stoo, panya anahamia kwenye joto la mashine. Mashine mpya nyingine zina pampu ya waya tatu, hizo vipimo vyake ni tofauti, fundi asihukumu kwa namba nilizotaja hapo juu.

Kuna wengine mtakaosoma hapa mna mashine tofauti na ya dada, niwaguse haraka. Yale ya matanki mawili, upande wa kufua na upande wa kukausha, ambayo ndo mengi mitaani, mengi yake hayana pampu kabisa, maji yanatoka kwa kushuka yenyewe. Mpira wake lazima ulale sakafuni. Ukiupandisha kwenye sinki au dirishani hayatoki hata ungefanyaje, na hakuna kitu cha kutengeneza hapo, ushushe tu. Ukishaushusha na bado, shida iko kwenye kile kizibo cha mpira kilichoko chini ya tanki ambacho kinavutwa na kamba ukigeuza swichi ya kutolea maji, kamba imekatika au soksi ya mtoto imekaa chini yake. Ya kufungulia juu inayojiendesha yenyewe kuna zenye pampu na kuna zenye kimota kinachofungua njia maji yashuke, kwa hiyo kabla ya kununua kitu mjue yenu ni ipi.

Na kuna wanaosema "haitoi maji" kumbe inatoa, nguo ndo zinatoka zimelowa. Hiyo ni nyingine kabisa. Blanketi moja zito likinyonya maji linajikusanya upande mmoja, mashine inajaribu kukamua, inatikisika, inaogopa, inaacha, inaandika UE au Ub kutegemea na kampuni. Chungulia dramu, kama hakuna maji yanayoonekana chini basi pampu ilishafanya kazi yake, panga blanketi upya ukamue tena, na blanketi kubwa la watu wazima kwenye kilo 7 mimi nakushauri ulifue kwenye beseni tu, kwa miguu, kama mama zetu.

Ya watoto endelea nayo kwenye mashine ila yakung'ute nje kwanza, lifungie kila moja kwenye foronya ya mto au mfuko wa kufulia kama lina manyoya, na filta uifungue kila baada ya kufua mablanketi, kwa nguo za kawaida hata mara moja kwa mwezi inatosha. Hayo yaliyoanza kunuka yafue upya leo, usiyaanike hivyo.

Kuhusu hela uliyomtangulizia fundi. Mpigie kabla basi halijaleta mzigo, mwambie umefungua filta na umekuta nini, muulize kama alishatuma hela Dar. Kama hajatuma akurudishie atoe nauli yake ya kuja, ni haki yake. Kama pampu ishapakiwa, usikubali ifungwe mpaka aifungue ya zamani mbele yako muiweke chini mbili pamoja, zifanane kwa mashimo ya skrubu, soketi ya waya na maandishi ya volti, na apime ile ya zamani kwa multimita ukiwa unaona. Ikiwa nzima, hiyo mpya muitunze kabatini kama spea au muiuze, na ya zamani ibaki kwenye mashine. Na nitumie kimo cha dirisha ukishapima, kutoka sakafuni mpaka pale mpira unapopinda juu kabisa, nikuambie kama unaweza kuvumilia mpaka mwenye nyumba akubali kutoboa ukuta.